Kuanza elektroniki bila mwalimu: Somo kutoka kijiji kimoja cha Malawi

Mwaka 2002, katika kijiji cha Masitala karibu na Kasungu, kati mwa Malawi, kijana wa miaka 14 alipanda mnara wa magogo ya mikaratusi akiwa na balbu ndogo mkononi. Waliokusanyika chini walikuwa na shaka naye. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamemwona akiokota vyuma kwenye jalala, na wengine waliamini kwamba amerukwa na akili. Upepo ulipovuma, mapanga yalianza kuzunguka, na balbu ile ikawaka.

Kijana huyo ni William Kamkwamba, na habari zake leo zinajulikana duniani kote. Mara nyingi husimuliwa kama habari za kipaji cha ajabu ambacho mtu huzaliwa nacho. Lakini ukitazama kwa makini namna alivyofika juu ya mnara ule, utakuta ni njia ileile anayoipita kila mtu anayejifunza elektroniki kwa kupenda tu: kufungua kilichoharibika, kuelewa sehemu moja, kufanya jaribio dogo, kisha kubwa zaidi.

Njia hiyo leo ni rahisi kuliko alivyoikuta yeye. Vipuri vimeshuka bei, na maduka yake yamejaa katika mitaa kama Luthuli jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, hatari nazo zimeongezeka, kwa kuwa vifaa vinavyotupwa siku hizi hubeba umeme mwingi na sumu nyingi kuliko redio za zamani. Anayeanza anahitaji kujua mambo yote mawili: namna ya kuwasha taa ya kwanza, na namna ya kubaki hai ili aiwashe ya pili.

Redio mbovu na betri zilizotupwa

Mwaka 2001 mavuno ya mahindi yalikuwa haba nchini Malawi, na miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa. Familia ya Kamkwamba ilipunguza milo, na ada ya sekondari, takriban dola 80 za Kimarekani kwa mwaka, haikupatikana. Kijana akaacha shule. Ili asibaki nyuma ya wenzake, alianza kwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na huko ndiko alikokiona kitabu cha Kiingereza kiitwacho Using Energy, chenye picha ya mitambo ya upepo.

Lakini elimu yake ya umeme haikuanzia hapo. Kabla ya njaa, yeye na binamu yake walikuwa wakifungua redio mbovu kutaka kujua sauti inatoka wapi. Kwa kuwa hawakuwa na kifaa cha kulehemu, walipasha waya moto kwenye makaa. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua mawe mapya ya redio, waliokota yaliyotupwa na kuyaunganisha pamoja mpaka redio ikapata nguvu ya kuzungumza.

Kitendo hicho kinaonekana kuwa mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna kanuni ya kwanza ya elektroniki. Betri mpya ya kawaida ya tochi ina volti 1.5. Ikichoka hushuka, tuseme hadi volti 0.9, na redio huzima ingawa betri haijaisha kabisa. Betri sita za namna hiyo zikipangwa kwa msururu, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, volti zake hujumlishwa na kufikia 5.4, karibu sawa na betri nne mpya. Hazitadumu, kwa kuwa kilichobaki ndani ni kidogo, lakini aliyezipanga tayari amejifunza jambo ambalo mwanafunzi wa darasani hulisoma ubaoni.

Msukumo, mkondo na ukinzani

Maneno matatu yanatosha kumwanzisha mtu: volteji, mkondo na ukinzani. Mfano unaoeleweka upesi ni wa tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Kimo cha tangi ndicho kinachosukuma maji kwenye bomba. Huo ni mfano wa volteji, ambayo hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yanayopita kwenye bomba kila sekunde ni mfano wa mkondo, ambao hupimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba, unaoyazuia maji yasipite yote kwa mara moja, ni mfano wa ukinzani, ambao hupimwa kwa omu.

Mwaka 1827 mwanafizikia wa Ujerumani, Georg Ohm, alichapisha uhusiano wa mambo hayo matatu. Ukigawanya volti kwa omu unapata ampea. Tangi likiinuliwa, maji huongezeka. Bomba likiwa jembamba, maji hupungua. Hesabu yenyewe haizidi ya darasa la tano, lakini karibu kila kitu anachokifanya fundi wa elektroniki hurudi hapo.

Jambo la nne ni kwamba umeme hauendi mpaka uwe na njia ya kurudi. Lazima utoke upande mmoja wa betri, upite kwenye kifaa, kisha urejee upande wa pili. Mzunguko huo uliofungwa ndio huitwa saketi. Waya ukikatika popote, kila kitu husimama. Na umeme ukipata njia ya mkato isiyo na ukinzani, kwa mfano waya mbili kugusana, mkondo huwa mkubwa mno, waya hupata moto, na hiyo ndiyo shoti.

Taa ya kwanza

Kazi ya kwanza inayofaa kwa anayeanza ni kuwasha taa moja ndogo ya LED, ile ya punje iliyoko kwenye redio na chaja. Inahitaji betri mbili za tochi, LED nyekundu moja, kipuri kimoja kinachoitwa rezista, na vipande vya waya.

LED ina miguu miwili, na mguu mrefu ndio wa chanya. Ikigeuzwa haiwaki, kwa kuwa umeme hupita ndani yake kwa upande mmoja tu. LED nyekundu huhitaji takriban volti 2, na mkondo wa miliampea 10 huitosha kuwaka vizuri. Miliampea moja ni sehemu ya elfu ya ampea.

Betri mbili kwa msururu hutoa volti 3. Taa ikichukua 2, inabaki volti 1 ambayo lazima ichukuliwe na kitu kingine. Kazi hiyo ni ya rezista. Volti 1 ikigawanywa kwa ampea 0.01, jibu ni omu 100. Akitumia betri ya mraba ya volti 9, zinabaki volti 7. Kwa mkondo wa miliampea 15 jibu ni omu 467, na rezista ya karibu inayouzwa dukani ni ya omu 470. Rezista hiyo hutambulika kwa mistari yake ya rangi: njano, zambarau na kahawia, kisha mstari wa dhahabu unaoonyesha kwamba kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5.

Wengi hupuuza rezista kwa kuwa taa huonekana kuwaka bila hiyo. LED ikiunganishwa moja kwa moja kwenye volti 9 huwaka kwa mwanga mkali, kisha hufa, pengine kwa muda mfupi kuliko wa kuwaita wenzake waje kuitazama. Hasara ni ndogo, na ni vyema mtu aipate mapema. Aliyeiunguza LED moja kwa kutopiga hesabu mara nyingi hakumbushwi tena kupiga hesabu.

Vifaa vya kuanzia

Meza ya anayeanza haihitaji vitu vingi. Cha kwanza ni kibao cha plastiki chenye vitundu vingi, ambamo miguu ya vipuri huchomekwa na kuchomolewa bila kulehemu. Ndani yake mna vibanio vya chuma vinavyounganisha vitundu vya mstari mmoja. Kibao hicho humwezesha mtu kukosea mara ishirini kwa vipuri vilevile.

Cha pili ni kipimo cha umeme, ambacho mafundi hukiita mita. Hata cha bei ya chini hupima volti, mkondo na ukinzani, na vingi hulia pale njia ya umeme inapokuwa nzima. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili za kifaa saketi ikiwa imefungwa. Mkondo hupimwa kwa kuikata saketi na kuipitisha ndani ya mita yenyewe. Kosa la kawaida ni kuacha waya wa mita kwenye tundu la ampea kisha kugusa betri moja kwa moja. Mita hapo huwa njia ya mkato, na fyuzi yake huungua. Mita za bei nafuu zisitumiwe kupima umeme wa ukutani, kwa sababu nyingi hazina kinga inayolingana na maandishi yaliyo juu yake.

Vifaa vingine ni bisibisi ndogo, koleo la kukatia waya, na baadaye chuma cha kulehemu. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi, na huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 190 za Selsiasi. Siri ya kulehemu vizuri ni kupasha moto sehemu mbili zinazounganishwa, kisha kuigusisha lehemu kwenye sehemu hizo ili iyeyuke na kutambaa yenyewe. Anayeyeyusha lehemu kwenye ncha ya chuma na kuipaka kama gundi hupata kiungo kinachong'aa kwa nje na kuachia kwa ndani. Madini ya risasi ni sumu hata kwa kiasi kidogo, hasa kwa watoto. Kwa hiyo kazi hufanyika penye hewa, mikono huoshwa baadaye, na chakula hakiwekwi juu ya meza hiyo.

Lugha ya michoro

Kamkwamba ameeleza kwamba Kiingereza cha vitabu vile kilimpa shida, na kwamba alianza kwa kutazama picha na michoro, kisha akarudi kutafuta maana ya maneno yaliyo karibu nayo. Ni mbinu inayomfaa pia msomaji wa Kiswahili, kwa sababu vitabu vingi vya fani hii havijatafsiriwa.

Mchoro wa saketi ni maandishi ya aina yake. Mstari ni waya. Mistari miwili sambamba, mmoja mrefu na mwingine mfupi, ni betri, na mrefu ndio upande wa chanya. Pembetatu yenye kizuizi mbele yake ni diodi, kipuri kinachouruhusu umeme upite upande mmoja. Pembetatu hiyohiyo ikiwa na mishale miwili inayotoka nje ni LED. Rezista huchorwa kama mstari wa mawimbi makali au kisanduku kirefu. Alama kama kumi na tano hivi zinatosha kusoma michoro mingi ya wanaoanza, na fundi wa Lilongwe, wa Mwanza na wa Tokyo huisoma kwa namna moja.

Baada ya taa ya kwanza, hatua inayofuata ni transista, kipuri chenye miguu mitatu kilichobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947. Kwa maneno mepesi, transista ni bomba ambalo mkono wake hufunguliwa na maji mengine: mkondo mdogo unaoingia mguu mmoja huamua mkondo mkubwa unaopita kati ya miguu mingine miwili. Ukiongeza kihisi cha mwanga, kwa transista moja unapata taa inayowaka yenyewe giza likiingia.

Kisha huja saketi ndogo zilizokusanywa ndani ya kidude kimoja cheusi. Inayopendwa zaidi na wanaoanza ni ile inayoitwa 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971. Kwa rezista mbili na kapasita moja, kidude hicho huifanya taa imetemete, na ukibadilisha rezista kasi hubadilika. Hapo mwanafunzi huanza kuona kwamba umeme unaweza kupewa amri.

Hesabu ileile ndiyo inayoamua uhai

Swali ambalo kila mzazi ana haki ya kuliuliza ni hili: mchezo huu unaua? Jibu linapatikana katika hesabu ya Georg Ohm, ileile iliyoiokoa LED.

Mwili wa binadamu una ukinzani. Ngozi kavu inaweza kufikia omu elfu kumi na zaidi. Ngozi iliyolowa maji au jasho inaweza kushuka hadi karibu omu elfu moja. Mtu akigusa ncha za betri ya volti 9 kwa vidole vikavu vyenye ukinzani wa omu elfu kumi, mkondo unaopita hauzidi miliampea moja, na pengine hatahisi chochote.

Umeme wa ukutani katika nchi za Afrika Mashariki na Malawi ni wa volti 230 hadi 240. Mtu mwenye mikono iliyolowa akiugusa, volti 230 kwa omu elfu moja ni miliampea 230. Mkondo wa miliampea 30 hivi ukipita kifuani unaweza kuharibu mapigo ya moyo na kuzuia pumzi. Ndiyo maana swichi za usalama za majumbani nyingi hutengenezwa zikate umeme zinapohisi uvujaji wa kiasi hicho. Umeme wa ukutani katika mfano huu ni zaidi ya mara saba yake. Misuli ya mkono nayo hukaza, na mtu hushindwa kuuachia waya.

Kwa hiyo mpaka wa usalama kwa anayeanza ni mmoja: kazi zote zifanyike kwa betri ndogo za tochi au chanzo kisichozidi volti 12, na chochote kinachochomekwa ukutani kisifunguliwe mpaka mtu awe na mwalimu karibu yake. Hata betri ya gari, ingawa ni ya volti 12, inahitaji tahadhari, kwa kuwa njia ya mkato kwenye ncha zake hutoa mkondo unaoweza kuuyeyusha waya na kumuunguza aliyeushika.

Wala kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Ndani ya chaja, kompyuta na runinga mna kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa kwa diodi, kapasita hujaa hadi karibu volti 325, na baadhi hubaki zimejaa baada ya kifaa kuzimwa. Runinga za zamani zenye kioo kikubwa cha nyuma hubeba maelfu ya volti. Jiko la maikrowevu ni hatari zaidi, na halifai kufunguliwa na mtu anayejifunza kwa hali yoyote.

Endapo mtu amepigwa na umeme, anayemsaidia asimguse kabla ya kuukata umeme kwenye swichi kuu au kuchomoa waya. Ikiwa hilo haliwezekani na ni umeme wa kawaida wa nyumbani, mti mkavu unaweza kutumika kumtenganisha na waya, mwokoaji akiwa amesimama pakavu. Kama hapumui, huduma ya kwanza ya kukandamiza kifua ianze mara moja huku msaada ukiitwa. Hata akionekana mzima ni vyema apelekwe hospitali, kwa kuwa madhara ya moyo yanaweza kujitokeza baadaye.

Jalala kama duka la vipuri

Kamkwamba alijenga mtambo wake kwa feni ya trekta, shokomzoba, fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto na kuyabapa kuwa mapanga, na dainamo ya baiskeli. Karibu vyote vilikuwa vimetupwa au vilinunuliwa kwa fedha chache.

Taka za aina hiyo leo ni nyingi mno. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Barani Afrika kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 1.

Kwa anayejua kuchagua, taka hizo ni hazina. Redio mbovu ina spika, swichi, kitufe cha sauti na rezista kadhaa. Mashine ya kuchezea DVD na printa zina mota ndogo na giya. Taa ya sola iliyokufa mara nyingi ina LED na kioo cha jua ambavyo bado ni vizima, kilichokufa kikiwa betri peke yake. Chaja ya simu ya volti 5 iliyo nzima, na iliyotengenezwa vizuri, ni chanzo cha umeme kinachofaa bila kufunguliwa.

Lakini si kila kilichotupwa ni cha kuokota. Betri za simu na za kompyuta za mapajani zina kemikali ya lithiamu; zikitobolewa, zikipondwa au zikipigwa shoti huweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Betri iliyovimba isiguswe kwa kifaa chenye ncha. Kuchoma nyaya ili kupata shaba, jambo linalofanyika katika majalala mengi, hutoa moshi wenye sumu unaomwingia anayechoma na watoto wanaocheza jirani. Waya huchunwa kwa koleo.

Kutoka waya hadi programu

Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu walianzisha Arduino, kibao chenye kompyuta ndogo ambacho mtu asiye mhandisi angeweza kukipa amri. Michoro yake ilitolewa wazi kwa umma, na ndiyo sababu leo vibao vya aina hiyo hutengenezwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 2012 ilifuata Raspberry Pi kutoka Uingereza, kompyuta kamili iliyo na ukubwa wa kadi ya benki.

Vibao hivi vimebadilisha namna ya kujifunza. Kazi iliyohitaji vipuri kumi sasa huandikwa kwa mistari kumi ya programu: kusoma joto la chumba cha vifaranga, kupima unyevu wa udongo, kuwasha pampu kwa saa fulani. Hata hivyo, kibao hakimwondolei mtu wajibu wa kuelewa saketi. Mguu mmoja wa Arduino hutoa mkondo mdogo unaotosha LED, na anayeunganisha mota moja kwa moja kwenye mguu huo huenda akakiua kibao chote. Mota huhitaji transista, na anayeijua transista kwa betri mbili hatapata shida hapo.

Swali la nani wa kumfundisha mtu asiye na chuo wala intaneti lina jibu ambalo mara nyingi husahaulika. Karibu kila soko lina fundi redio au fundi simu aliyeketi nyuma ya meza ya mbao, na elimu yake, ingawa haina cheti, ni ya miaka mingi. Kijana anayemsaidia kufagia na kushika tochi, huku akitazama, hupata kitu ambacho picha za video haziwezi kumpa: mkono wa mtu mzima unaomzuia kabla hajagusa pasipogusika.

Misumari miwili na sumaku

Mtambo wa Masitala uliwasha taa nne na redio mbili nyumbani kwa akina Kamkwamba. Swichi zilitengenezwa kwa raba za kandambili. Nyaya zilipita chini ya paa la nyasi, na hapo pakazuka hofu mpya: waya mbili zikigusana usiku, nyumba yote ingeteketea na waliolala ndani.

Kijana akarudi kwenye kitabu, akatazama mchoro wa kengele ya umeme, na kutokana nao akaunda kikata umeme chake kwa misumari, waya wa shaba na sumaku. Waya uliozungushwa kwenye msumari huugeuza msumari kuwa sumaku kila umeme unapopita. Mkondo ukizidi, nguvu ya sumaku huzidi, kipande kinachounganisha saketi huvutwa pembeni, na umeme hukatika kabla waya haujapata moto.

Habari zake ziliandikwa katika gazeti nchini Malawi mwaka 2006. Mwezi Juni mwaka 2007 alialikwa Arusha, Tanzania, kuzungumza katika mkutano wa kimataifa wa TED, akiwa na Kiingereza kidogo na hofu nyingi. Alirudi shule, na mwaka 2014 akahitimu Chuo cha Dartmouth nchini Marekani. Kitabu alichokiandika pamoja na Bryan Mealer kilitoka mwaka 2009, na filamu iliyotokana nacho, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, mwaka 2019. Katika kijiji chake, pampu inayotumia nguvu za jua ilikuja kuwapatia watu maji.

Wanaosimulia habari hizo hupenda kuutaja mnara na mapanga. Mafundi wanaozisikia huuliza zaidi kuhusu misumari miwili chini ya paa la nyasi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba kijana yule hakuwa akibahatisha. Alikuwa ameshajua umeme unaweza kufanya nini, na akapanga kwanza namna ya kuuzuia.

Kwa anayetaka kuanza leo jioni, mahitaji ni betri mbili, LED nyekundu na rezista ya omu 100.